Zamu za Mvamizi

Verlin Tackett alikuwa ameshatoa marisau kumi na tisa mgongoni mwa Mvamizi, na bado kulikuwa na mengine chini ya bega la kushoto. Alifanya kazi hiyo juu ya benchi lake la ufundi, chini ya taa yenye kioo cha kukuzia, kwa kibanio kilekile alichotumia kushikia springi ndogo za bastola. Kila alipotoa moja aliliosha kwa spiriti, akalitazama, akalidondosha kwenye mkebe wa kahawa.

"Namba sita," alisema. "Haya ni ya kupigia sungura. Nani amekupiga kwa namba sita?"

"Bibi Ottie Crane," Mvamizi akajibu. Alikuwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya taulo. "Alisema hataki kuharibu ukuta. Ameupaka rangi majuzi."

"Ametumia akili."

"Na aliniomba radhi kabla. Wengi huomba baadaye."

Verlin aliisogeza taa. Alikuwa fundi bunduki wa Pinnock Fork, mji mdogo katika vilima vya Ozark kusini mwa Missouri, kwa miaka thelathini na minane. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga tena, na kila alichokifungua alikichora kwanza kwenye daftari, skrubu kwa skrubu, ili asijidanganye baadaye. Mvamizi hakuwa na bima, na hospitali ilikuwa imemwambia kwa upole kwamba haina utaratibu wa kumpokea mtu yuleyule kwa kifo kilekile kila asubuhi. Kwa hiyo alikuja kwa Verlin.

Alifika mjini mwezi wa Septemba. Siku ya kwanza aliingia dukani, akafuta viatu mlangoni, akauliza njia ya kwenda kwa Hoyt Sizemore. Alivaa koti jeusi lenye kofia, na glavu, na mtaimbo mfupi ulining'inia kiunoni.

"Nimechelewa," alisema. "Ananisubiri tangu mwaka wa themanini na tisa."

Verlin alimchorea ramani nyuma ya risiti. Ilikuwa kweli kwamba Hoyt alikuwa akimsubiri. Alikuwa na bunduki ya marisau nyuma ya mlango wa chumbani, bastola chini ya kiti chake cha kuegemea, nyingine ndani ya sanduku la mkate, na kila Alhamisi kwenye mgahawa wa Dovie alieleza, huku akila biskuti laini na mchuzi wa soseji, jinsi atakavyomfanya mtu huyo siku atakapothubutu. Silaha hizo zote Verlin ndiye aliyemuuzia, isipokuwa moja.

Hoyt alifyatua mara tatu. Ya kwanza iliua saa ya ukutani. Gari la wagonjwa lilikuja, daktari wa kaunti akaandika cheti cha kifo, na kabla wauguzi hawajamaliza kahawa waliyopikiwa na mke wa Hoyt, Mvamizi aliketi, akaomba kitambaa, akafuta alichoweza kwenye zulia, kisha akatoa karatasi mfukoni na kuuliza kama barabara ya Sulphur Lick bado inapita nyuma ya kanisa. Yote hayo yalichukua robo saa.

Wiki hiyo watu saba walikwenda mahakamani kuuliza kama na wao wamo kwenye karatasi yake. Ili kuzuia ugomvi, karani akabandika orodha ubaoni. Mwanzoni Mvamizi alifika usiku wa manane, kwa mazoea, lakini watu walilalamika kwamba wanaamka mapema kukamua ng'ombe, wakakubaliana awe anafika kati ya chakula cha jioni na taarifa ya hali ya hewa. Nyumba tatu kwa siku. Jumapili hapana. Sherifu Burl Amsden, aliyechoka kuandika maelezo marefu, alichapisha fomu fupi ya maswali matatu, na mwenye nyumba aliyejibu ndiyo mara tatu alirudishiwa bunduki yake papo hapo, pamoja na shukrani za kaunti.

Jambo moja tu hawakupatana: sura yake. Hoyt alisema ni kijana wa mjini, na kwa namna alivyotamka "mjini" kila mtu alielewa rangi aliyoikusudia. Bibi Ottie alisema anafanana na bwana aliyenunua shamba la baba yake kwenye mnada wa benki. Mchungaji alimwona mwanamume mwenye ndevu anayesema lugha isiyojulikana, ingawa Mvamizi alikuwa amemwambia "habari za jioni" waziwazi. Verlin alimwona mtu wa makamo mwenye nywele chache na macho yaliyopauka, kama wakala wa bima aliyepotea njia. Hakuona sababu ya kubishana. Aliandika maelezo yote kwenye daftari, moja chini ya jingine, akayaacha hapo.

"Wewe hujajiandikisha," Mvamizi alimwambia sasa, bila kugeuka.

"Nina kazi nyingi."

"Una bunduki kumi na moja."

"Ninazo."

Wala hakuzionea aibu. Babu yake aliwahi kukaa barazani siku mbili mfululizo na bunduki mapajani, mwaka ambao watu wa mgodi walikuja kuwahamisha wapangaji, na hawakuhamishwa. Verlin alikua akiamini kwamba mtu anayelazimika kuomba ruhusa ya kulinda uhai wake ameshaambiwa uhai huo ni mali ya nani. Aliiamini kanuni hiyo kama alivyoviamini vipimo vyake, na alitaka kila mtu apimwe kwa rula ileile.

Kengele ya mlango ililia, akaingia Junelle Pogue. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mpishi wa shule ya msingi, na bado alikuwa na wavu wa jikoni kichwani. Aliwasalimia wote wawili, akaweka juu ya kaunta bastola ya silinda, ya zamani, iliyotunzwa vizuri.

"Ya bibi yangu," alisema. "Inavutika kwa shida, Bwana Verlin. Kwa mkono huu haivutiki kabisa."

Verlin alifuta mikono, akahakikisha haina risasi, akatundika mizani kwenye kifyatulio. Ratili kumi na tatu. Kisha akautazama mkono. Kifundo kilikuwa kimeunga upande, kama kitako cha bunduki kilichogundishwa na mtu mwenye haraka.

"Ulianguka?"

"Watu wengine nimewaambia nilianguka. Wewe nakwambia Rusk."

Rusk Pogue alikuwa mumewe. Kila Jumanne jioni alifundisha darasa la kujilinda katika ukumbi wa zimamoto, na nusu ya kaunti ilikuwa na cheti chenye saini yake. Tangu Julai alikuwa akiishi kwa kaka yake ng'ambo ya mto, kwa sababu Junelle alimwomba aondoke mbele ya mchungaji, naye akashindwa kukataa mbele ya mchungaji.

"Kwa hakimu ulikwenda?" Verlin aliuliza.

"Nilikwenda. Akaniambia nirudi na kitu kinachoonekana. Siku yangu ilipofika, plasta ilikuwa imeshatolewa." Akacheka kidogo. "Akaniambia, hongera, umepona."

"Na kitasa?"

"Nilibadilisha Agosti. Rusk akaja na hati ya nyumba, ina jina lake peke yake. Burl mwenyewe ndiye aliyemfungulia." Aliisogeza bastola kidogo, ikae sambamba na ukingo wa kaunta. "Amesema siku ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu anarudi nyumbani. Amesema nikiondoka atanifuata nitakapokwenda, na nikibaki atanikuta, na siku hiyo hakuna atakayeshtuka akisikia mlio wa bunduki. Mimi siondoki, Bwana Verlin. Nina kazi yangu hapa. Nataka tu niione Krismasi."

Msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Mvamizi alikuwa ameketi kwenye benchi, anavaa shati. "Na wewe nimekuandikisha," Junelle alimwambia. "Jumamosi hiyohiyo. Nyumba ya kwanza."

"Nimeliona jina."

"Si kwa ubaya. Kila anayekupiga wewe anaandikiwa karatasi yake kwa dakika kumi. Nilitaka Burl awe ameshazoea njia ya kuja kwangu."

Mvamizi alifunga vifungo polepole. "Nitakuja kwa sababu jina lipo," alisema. "Lakini nisikudanganye, dada. Mimi si wako. Mimi ni wa watu waliofunga mlango. Wa kwako ana funguo."

"Hilo nalijua," Junelle alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwa fundi. Sikuja kwako."

Verlin aliifungia bastola kikaratasi: J. Pogue, kifyatulio, ratili saba. Kazi ya namna hiyo haitaki haraka. Mtu akipunguza chuma kupita kiasi, silaha inaweza kufyatuka kwa kuguswa tu, na chuma kilichoondolewa hakirudi. Alipiga tupa mara mbili, akapangusa, akafunga, akapima, akafungua tena. Alifanya hivyo kila asubuhi, baada ya kumaliza mgongo wa Mvamizi.

Alhamisi kabla ya msimu, Rusk mwenyewe alikuja kununua risasi. Alikuwa mtu wa kupendeza. Aliwapa watu majina ya utani na aliyakumbuka majina ya mbwa wao.

"Mzee wa springi!" alisema. "Hoyt yuko kwa Dovie anajisifu tena. Jana kampiga Mvamizi kwa mara ya pili, na kwanza kakosa, kama ile ya kwanza. Nimemwambia, ukiendelea hivi, saa zote za ukutani za kaunti hii zitakuja kuomba ulinzi."

Verlin alicheka, kwa kuwa ilichekesha, akamfungia boksi mbili. Macho ya Rusk yakatua kwenye bastola iliyobanwa kwenye jiliwa, kisha kwenye kikaratasi chake.

"Ehe," alisema. Sauti haikubadilika. "Unamtengenezea."

"Ni kazi."

"Kazi nzuri. Mwanamke mwenye silaha ni mwanamke huru, nasema hivyo kila Jumanne. Na huyu nimemfundisha mimi mwenyewe. Mbili, katikati ya kifua, usiongee kwanza." Akachukua boksi zake, akazipima mkononi. "Shida ya Junelle ni huruma. Silaha haimfai mtu mwenye huruma, mzee, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Mpe salamu zangu. Mwambie Jumamosi nakula nyumbani."

Alipoondoka, Verlin alipima. Ratili tisa. Alifunga duka kwa ndani, akafanya kazi bila kula mpaka mizani ikasoma saba, akaivuta mara hamsini kwa kidole chake kidogo. Shuleni hakuipeleka, maana sheria hairuhusu. Alikwenda kumsubiri Junelle barazani kwake mpaka saa kumi, akamkabidhi mkononi, akampa na salamu zile kama zilivyokuwa, kwa sababu aliona ana haki ya kuzijua.

"Asante," Junelle alisema. "Nikulipe nini?"

"Utanilipa Krismasi."

Siku ya kufungua msimu, milio ilianza alfajiri na vilima viliirudisha kutwa nzima. Hakuna aliyeihesabu. Saa moja jioni simu ya Verlin ililia. Kaunti ilikuwa na desturi ya kumwita kila baada ya tukio, afungue silaha, atoe risasi na kuzifungia vikaratasi, kwa kuwa naibu mmoja wa sherifu aliwahi kujipiga mguuni akifanya hivyo mwenyewe.

Aliwakuta jikoni kwa Junelle. Burl Amsden na manaibu wawili walikuwa wamesimama na vikombe vya kahawa. Junelle aliketi mezani, viganja vyote viwili juu ya kitambaa cha meza. Mvamizi aliketi kwenye kiti cha pembeni akijifuta kifua. Rusk alikuwa sakafuni, karibu na friji.

"Tunasubiri," Burl alisema.

"Mnasubiri nini?"

"Rusk aamke. Huyu mwingine ameamka dakika kumi zilizopita."

Verlin alimtazama Mvamizi, na Mvamizi akaeleza kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza. Alibisha hodi saa kumi na mbili, kwa sababu hakuona haki ya kuvunja. Junelle alimwambia aingie, nje kuna baridi, akampa supu. Walikuwa wanakula. Rusk akafungua kwa ufunguo, akamwona mtu mezani, akampiga mbili kifuani.

"Safi sana," Mvamizi alisema. "Sijapigwa vizuri hivyo tangu nimefika. Nikaanguka. Lakini masikio yangu huchelewa kufa. Nikamsikia anamwambia, haya mama, zamu yako. Nikasikia anavuta mtambo. Halafu zikalia mbili nyingine, za bastola ndogo. Mwanamke hakuongea kwanza."

Burl alitikisa kichwa kwa heshima. "Alimfundisha vizuri," alisema.

Walisubiri. Naibu mmoja alisema Rusk ni mtu mzito, huenda akahitaji muda zaidi. Mwingine akajaza vikombe. Kahawa ya pili ilipopoa, Mvamizi alipiga magoti, akaweka vidole shingoni kwa Rusk, akavitoa.

"Huyu haamki."

"Unajuaje?"

"Hii si kazi yake. Hajazoea."

Burl alivua kofia. Alikuwa amesoma shule moja na Rusk tangu darasa la kwanza, na kwa muda alisimama akitazama ndani ya kofia kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Kisha akatoa fomu kwenye mkoba, akaketi mbele ya Junelle.

"Swali la kwanza. Aliyeingia alikuwa mgeni kwako?"

"Hapana."

"La pili. Alivunja mlango, dirisha, au sehemu yoyote ya nyumba?"

Junelle akautazama mkono wake. "Sehemu ya nyumba, hapana."

"La tatu. Ulihofia uhai wako?"

"Ndiyo. Tangu mwaka juzi."

Burl aliishika kalamu bila kuandika. "Junelle, hiyo ya tatu haisimami peke yake. Fomu ndivyo ilivyo. Na hiyo 'tangu mwaka juzi' ndiyo inaharibu kabisa. Hofu inatakiwa iwe ya ghafla."

"Andika nyingine," Verlin alisema. "Fomu umeichapisha wewe."

"Niliichapisha kwa ajili ya huyu," Burl akamwonyesha Mvamizi kwa kalamu. "Na imefanya kazi vizuri, Verlin. Hata siku moja haijaleta matatizo."

Verlin alifungua bastola zote mbili, akatoa risasi, akaandika vikaratasi. Junelle aliomba ruhusa ya kuzima jiko. Alimwambia Mvamizi kwamba supu iliyobaki ni yake, na sufuria aiache iloweke. Kisha akavaa koti, mkono mmoja baada ya mwingine, ule mbovu mwisho, akatoka na Burl.

Kesi ilisikilizwa Machi. Verlin alikwenda na daftari lake, akaeleza ratili kumi na tatu na ratili saba, na jinsi kifundo kilivyounga. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama yeye ni daktari wa mifupa. Verlin alisema yeye ni fundi. Jaji akawaambia wazee wa baraza wayasahau maneno ya kifundo, nao walikuwa watu watiifu, wakayasahau.

Mvamizi alikuja na koti safi kutoa ushahidi. Mwendesha mashtaka alisimama akaweka mezani vyeti vyake vya kifo, mia nne na sita, vyote vimepigwa mhuri wa kaunti, akauliza kama mahakama inaweza kumwapisha marehemu. Jaji alivipitia vichache, kikiwemo kimoja alichokisababisha yeye mwenyewe mwezi wa Februari, akaona hoja ina uzito. Alimshukuru Mvamizi kwa kufika, akampa mkono, akamruhusu aende.

Swali walilopewa wazee wa baraza lilikuwa moja: je, mtu mwenye akili timamu angemwogopa Rusk Pogue? Kumi na wawili hao wote walikuwa na cheti chenye saini yake. Tisa kati yao walikuwa wamempiga Mvamizi na kurudi mezani kumalizia chakula. Mwenyekiti wao alikuwa Hoyt Sizemore. Walikumbushana jinsi Rusk alivyokuwa akiwashika viwiko kwa upole kuwaonyesha shabaha, na jinsi alivyojua majina ya mbwa wao, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwogopa. Walichukua saa tatu, pamoja na chakula cha mchana. Junelle akapewa miaka kumi na miwili.

Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema amelala vizuri tangu Novemba. Selo ilikuwa na ufunguo mmoja tu, na alijua nani anao.

Alhamisi iliyofuata Hoyt alikuwa kwenye mgahawa, na sahani yake ilikuwa inapoa kwa sababu ya kuongea.

"Msinielewe vibaya," alisema. "Haki ni ya kila mtu. Mwanamume, mwanamke, kila mtu. Mimi haki ya Junelle sijaigusa. Nasema tu aliitumia kwa mtu tunayemfahamu."

Dovie, mwenye mgahawa, alikuwa akipanguza meza ya jirani. "Na wewe ulimpiga nani, Hoyt? Ulimpiga mtu aliyekuomba kitambaa akufutie zulia."

"Yule ni mgeni!"

"Amekuja kwako mara nne. Anajua sukari yenu inakaa wapi."

"Hiyo haimfanyi mwenyeji, Dovie."

Watu walicheka. Verlin, kwenye kiti chake cha dirishani, hakucheka wala hakununa. Alikuwa anajaribu kupata mahali pa kuanzia, kama mtu aliyefungua mtambo na kukuta kipande kimoja kimekatwa makusudi kiwandani, na bila hicho kila kitu kinazunguka vizuri.

"Hoyt," alisema mwishowe, "wewe ungefanyaje? Mtu aje kwako na bastola, aseme sasa ni wewe."

"Ningempiga, bwana! Maswali gani haya?"

"Hata kama ana funguo?"

Hoyt alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kwangu mwenye funguo ni mimi," alisema.

Jumanne iliyofuata wanaume wengi walikuwa kwenye mnada wa ng'ombe, kama kila Jumanne. Saa nne asubuhi mke wa mchungaji aliingia dukani kwa Verlin na mfuko wa plastiki wa mkate. Ndani yake mlikuwa na kitasa cha mlango, kimefunguliwa kwa bisibisi na mtu asiye na uzoefu, skrubu mbili zimepotea.

"Nataka kiwe na ufunguo mmoja," alisema. "Mmoja tu. Nitaushika mimi."

Verlin alimweleza kwamba yeye si fundi wa vitasa. Alimweleza pia, kwa sababu aliona ni wajibu wake, kwamba hati ya nyumba ikiwa na jina la mume, sherifu anaweza kuja kumfungulia.

"Najua. Nilikuwa mahakamani." Akavuta glavu zake. "Lakini kitamchelewesha. Kumchelewesha dakika kumi kunanitosha."

Nyuma yake alikuja karani wa mahakama, yule aliyebandika orodha. Kisha walimu wawili kwa pamoja. Kisha mwanamke wa shamba la mpakani ambaye Verlin hakuwahi kumwona mjini. Mke wa Burl hakushuka kwenye gari. Alishusha kioo, akampa kitasa chake Dovie aliyekuwa anaingia, na Dovie akaleta viwili, cha mke wa Burl na chake. Hakuna aliyeeleza lolote, na hawakuonekana kushangaa kukutana. Waliulizana habari za watoto, wakatoka. Kufika saa tisa vilikuwa kumi na saba.

Mvamizi hakuwa na kazi mpaka jioni. Alishika taa, akapanga pini ndogo za shaba kwenye mikebe kwa urefu, na kila kitasa kilipofunguliwa alikisogelea, akakitambua.

"Hiki cha Sulphur Lick," alisema. "Nilikivunja mara mbili. Hiki cha nyumba ya mwalimu." Akakiweka chini. "Humu mote nimeingia, Bwana Verlin. Wanaume walikuwa wanatetemeka. Wake zao hawakuniogopa hata kidogo. Walinitazama tu. Nilidhani ni ukarimu."

Verlin aliendelea na tupa. "Shika hapa," alisema. Mvamizi akashika.

Alijichorea kitasa cha kwanza kwenye daftari kabla ya kukigusa, kwa hiyo kilimchukua saa nzima. Cha pili kilikwenda haraka zaidi. Alikuwa amemaliza cha tano jua lilipoanza kushuka, na wanaume walikuwa wanarudi kutoka mnadani, pikapu moja baada ya nyingine, wakipiga honi walipopita dukani.

Wa mwisho alikuwa Lurleen Sizemore, mke wa Hoyt. Alikuja kwa miguu, ingawa si karibu, na kitasa kilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake.

"Si cha mlango wa nje," alisema. "Ni cha chumba changu cha kushonea." Kisha akamgeukia Mvamizi. "Leo ni zamu yetu tena."

"Ndiyo, mama. Saa kumi na mbili na nusu."

"Nitaacha kahawa jikoni. Maziwa yameisha."

"Hainidhuru."

Lurleen aliitazama safu ya vitasa kwenye benchi, kila kimoja na kikaratasi chake, akasoma majina bila kuharakisha, mpaka mwisho.

"Changu kitakuwa tayari leo?" aliuliza.

"Nimemaliza vitano," Verlin alisema. "Bado kumi na vitatu. Nikianza asubuhi na mapema, chako kitakuwa kesho jioni."

Lurleen alifikiri, kama mtu anayepanga mapishi kwa vitu vilivyomo kabatini.

"Kesho sawa," alisema. "Leo nitaegemeza kiti mlangoni."

Verlin aliandika jina lake, akakiweka kitasa mwishoni mwa safu, akafunika tupa zake.